Warfarini au dawa mpya? Ulinganisho kwa mwenye AF anayehitaji kuzuia damu kuganda

Mtu mwenye AF, yaani moyo unaopiga bila mpangilio, anaweza kulima, kufungua duka asubuhi na kulifunga usiku bila kusikia maumivu yoyote. Kinachomtishia ni damu inayozubaa ndani ya moyo. Vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kujikunja na kuachia, damu inatuama kwenye kona ya chumba cha kushoto, inaganda, na siku bonge likichomoka hukimbilia kwenye ubongo. AF huongeza uwezekano wa kupata kiharusi karibu mara tano, na viharusi vya aina hii huwa vizito: mdomo unapinda, upande mzima wa mwili unalala, na wengi hawarudi tena kazini.

Ndiyo sababu unaandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi ya maisha yote, hata kama moyo utarudi kupiga kwa mpangilio. Nikiwa dirishani kwa dawa, swali ninaloulizwa sana ni hili: nichukue warfarini, ambayo kidonge chake ni nafuu lakini vipimo haviishi, au hizi mpya za bei ya juu ambazo hazihitaji INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani? Kabla sijajibu, nami huuliza langu: eko, ile picha ya moyo ya ultrasound, ilionyesha vali zako, yaani milango ya damu ndani ya moyo, zikoje?

Vali kwanza

Maelezo mengi kuhusu AF yameandikwa Ulaya na Marekani, ambako mgonjwa wa kawaida ni mzee wa miaka sabini na zaidi mwenye presha. Wazee hao kwetu wapo na wanaongezeka. Lakini kliniki zetu za moyo zina mgonjwa mwingine: dada wa miaka thelathini aliyeugua koo utotoni, likafuatwa na homa ya baridi yabisi, homa ikaharibu vali, na sasa vali ya mitra imebana hadi damu inapita kwa shida. Moyo wake umeanza kwenda ovyo akiwa bado na watoto wadogo.

Kwa huyu, mjadala wa dawa ipi ni bora umeshajibiwa. Jaribio la INVICTUS, lililochapishwa mwaka 2022, lilifanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na Kati. Lilichambua wagonjwa 4,531 wenye AF na moyo ulioharibiwa na homa hiyo. Wastani wa umri ulikuwa kama miaka 50, na karibu robo tatu walikuwa wanawake. Nusu walipewa rivaroksabani, mojawapo ya dawa mpya, na nusu dawa za kundi la warfarini. Wengi walitarajia dawa mpya ishinde, au angalau zitoke sare. Waliofariki upande wa rivaroksabani walikuwa 552 kati ya 2,275. Upande wa pili 442 kati ya 2,256. Na kuvuja damu kukubwa hakukutofautiana kwa kiasi cha kuipa dawa mpya utetezi.

Mwenye vali ya chuma naye ni wa warfarini. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu hao na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa mabonge ya damu yaliongezeka na kuvuja damu kuliongezeka pia. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwa aina moja ya vali ya chuma, na mwaka 2022 jaribio hilo likasimamishwa.

Nasisitiza hili kwa sababu wapo watu wenye vali iliyobana au ya chuma wanaohamia dawa mpya kwa kushauriwa na jirani aliyechoka kuchomwa sindano za vipimo. Jirani huyo pengine vali zake ni nzima, kwa hiyo ushauri wake ni wa kwake peke yake. Vali inayovuja bila kubana, au vali ya tishu iliyopandikizwa muda mrefu uliopita, ni habari nyingine, na hapo daktari anaweza kukuruhusu dawa mpya. Usiondoke kliniki bila kujua uko kundi gani.

Aspirini haimo kwenye mashindano haya

Watu wengi wenye AF bado wanatumia aspirini ndogo ya miligramu 75 wakiamini wamejikinga. Kinga yake dhidi ya kiharusi cha AF ni hafifu. Warfarini inayodhibitiwa vizuri hupunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili. Aspirini haifikii hata nusu ya hapo. Mwaka 2011 jaribio la AVERROES lililinganisha apiksabani na aspirini kwa watu 5,599 walioonekana hawawezi kutumia warfarini. Viharusi na mabonge mengine vilikuwa asilimia 3.7 kwa mwaka kwa waliotumia aspirini, na 1.6 kwa waliotumia apiksabani. Kuvuja damu kukubwa kulikuwa karibu sawa. Kwa hiyo aspirini inakutia kwenye hatari ya kuvuja damu bila kukupa kinga inayolingana nayo. Kama unaitumia kwa sababu nyingine, mfano uliwekewa stenti kwenye mishipa ya moyo, usiiache mwenyewe. Uliza kama bado unaihitaji pamoja na dawa hii.

Kama vali ni nzima

Hapa dawa mpya zinaongoza. Ni nne: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Mwaka 2014 matokeo ya majaribio yao manne makubwa yaliunganishwa, jumla ya watu 71,683. Ikilinganishwa na warfarini, viharusi na mabonge vilipungua kwa asilimia 19, vifo kwa asilimia 10, na kuvuja damu ndani ya fuvu kulipungua kwa zaidi ya nusu. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa kwangu, maana damu ikivujia kwenye ubongo wa mtu aliye kwenye dawa hizi, mara nyingi hakuna la kufanya. Kasoro ilijitokeza tumboni: kuvuja damu kwenye tumbo na utumbo kuliongezeka kwa robo.

Dawa hizi hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Apiksabani haikuongeza kuvuja damu tumboni ikilinganishwa na warfarini, ilhali rivaroksabani, na dabigatrani ya miligramu 150, ziliongeza. Katika jaribio la ARISTOTLE la watu 18,201, kwa kila watu 1,000 katika mwaka mmoja, viharusi na mabonge vilikuwa kama 13 kwa apiksabani na 16 kwa warfarini. Kuvuja damu kukubwa 21 dhidi ya 31. Kwa mzee mwenye vidonda vya tumbo vya muda mrefu, nikiulizwa maoni yangu, nitaegemea apiksabani.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa mpya kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Warfarini ilikuwa humo tangu zamani na bado imo.

INR, mboga na nauli

Warfarini ni dawa nzuri ikiwa ndani ya mstari. Mstari huo ni INR kati ya 2 na 3 kwa wengi, na juu kidogo ya hapo kwa wenye vali ya chuma upande wa mitra. Chini ya 2 damu inaweza kuganda. Ikipanda sana inavuja. Mwanzoni utapima kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na ukitulia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Dozi hubadilika: leo kidonge kizima, kesho nusu. Hiyo ni kawaida.

Tatizo letu ni kukaa kwenye mstari. Utafiti wa REMEDY ulisajili wagonjwa 3,343 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi katika nchi 14, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda. Kati ya waliokuwa wameandikiwa dawa za kuzuia kuganda, ni karibu asilimia 28 tu waliokuwa na INR inayotakiwa. Hao wengine walikuwa wakimeza dawa, wakilipia, na kinga haikuwepo au ilikuwa imepitiliza. Inawezekana kufanya vizuri zaidi: Eldoret, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, kliniki ya warfarini huendeshwa na wafamasia wanaopima na kurekebisha dozi. Kama kuna kliniki ya namna hiyo unapoweza kufika, warfarini inakuwa dawa tofauti kabisa na ile anayoandikiwa mtu na kuambiwa arudi baada ya miezi sita.

Kuhusu mboga, wagonjwa wengi huambiwa waache mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki. Ushauri huo unawanyima chakula bora bila sababu. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo hupinga kazi ya warfarini, lakini dozi yako inapimwa kulingana na unavyokula. Kula kiasi kile kile kila wiki. Hatari ni kuacha mboga mwezi mzima kisha kurudi nazo kwa wingi, au kuanza ghafla unga wa majani ya mlonge kila asubuhi bila kuwaambia wanaokupimia. Dawa mpya hazijali mboga.

Sasa pesa. Kidonge cha warfarini ni rahisi kuliko cha apiksabani, hilo liko wazi. Lakini chukua karatasi uandike yote: vidonge vya mwezi, gharama ya INR, nauli ya kwenda na kurudi, siku ya kazi iliyopotea, na nauli ya mtoto anayekusindikiza. Anayekaa mtaa wa pili kutoka hospitali ya mkoa atapata jibu tofauti na anayesafiri kutwa nzima kwa basi. Tangu dawa mpya zinazotengenezwa India zianze kuingia madukani, pengo limepungua, na kwa baadhi ya watu wa vijijini jumla ya mwaka hukaribiana. Uliza pia bima yako inalipia ipi, kwa sababu jibu hilo linaweza kufunga hesabu yote.

Wapo wanaoikataa warfarini kwa kusikia kuwa ni sumu ya panya. Ni kweli ilianza kuuzwa kuua panya mwaka 1948, baada ya wanasayansi wa Wisconsin kuchunguza ng'ombe waliokufa kwa kuvuja damu walipokula majani yaliyooza. Ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na tangu hapo imewakinga watu wengi mno. Kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu, na INR ipo kwa kazi hiyo.

Kusahau dozi

Warfarini inakaa mwilini siku kadhaa. Ukisahau siku moja, kinga haianguki papo hapo: meza siku hiyo hiyo ukikumbuka, na kesho usiongeze maradufu. Dawa mpya hutoka haraka. Ndani ya siku moja kinga imeshaondoka. Kwa apiksabani, inayomezwa mara mbili kwa siku, unaweza kumeza uliyosahau ndani ya saa 6. Kwa rivaroksabani ya mara moja, ndani ya saa 12. Zaidi ya hapo ruka, subiri inayofuata.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema dawa mpya ni rahisi. Ni rahisi kwa anayemeza kila siku bila kukosa. Kwa anayenunua vidonge vya siku kumi, akakaa wiki bila, akanunua tena akipata pesa, ni za hatari. Kuziacha ghafla hurudisha hatari ya kiharusi. Na kwa kuwa hakuna INR ya kumfichua, hakuna atakayejua. Mtu wa namna hiyo, kama INR anaifikia, nitamwambia abaki na warfarini bila kusita.

Rivaroksabani ya AF humezwa pamoja na chakula, mlo wa kweli, la sivyo sehemu ya dawa hainyonywi. Chai ya rangi haitoshi. Dabigatrani ina sharti lake: vidonge vyake vinaharibiwa na unyevu, kwa hiyo vibaki kwenye chupa au karatasi zake za kiwandani. Duka likikupimia kwenye kibahasha cha khaki, rudisha. Katika joto na unyevunyevu wa Dar, Mombasa au Unguja hili si jambo dogo.

Wanaofunga Ramadhani huuliza sana. Warfarini au rivaroksabani ya mara moja inaweza kuhamia futari, rivaroksabani ikiendana na chakula hicho. Apiksabani hugawanywa futari na daku, ingawa nafasi hazitakuwa sawa kabisa. Panga na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama figo zina shida, kwa sababu upungufu wa maji mchana kutwa unaweza kuzidhoofisha na dawa ikarundikana mwilini.

Figo, TB, na sindano za dukani

Dawa mpya hazihitaji INR lakini zinahitaji kipimo cha figo kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka. Dabigatrani hutolewa na figo kwa karibu asilimia 80, hivyo haifai utendaji ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika. Apiksabani hutegemea figo kwa kama robo tu. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 5 mara mbili, na hushushwa hadi 2.5 kama una mambo mawili kati ya haya: umri wa miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 kushuka chini, au kreatinini, kipimo cha damu cha figo, ya mikromoli 133 kwa lita kupanda juu. Naona wazee wengi wamepewa 2.5 kwa huruma, eti wamezeeka. Dozi ndogo isiyo na sababu ni kinga ndogo.

Kwa mgonjwa wa TB jambo linabadilika. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hushusha nguvu ya dawa zote hizi, na kwa dawa mpya hakuna kipimo cha kawaida cha kukuonyesha zimeshuka kiasi gani, kwa hiyo huepukwa. Warfarini inaweza kuendelea kwa dozi iliyopandishwa na INR za mara kwa mara. Wakati wa kuogopa zaidi ni baada ya kumaliza TB: rifampisini inatoka, dozi ya warfarini ipo palepale juu, na damu inaanza kuvuja. Dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini nazo hupunguza nguvu ya dawa hizi. Metronidazo, septrini na flukonazo huipandisha warfarini. Kwa anayetumia ARV, dolutegravia haisumbui, lakini dawa zenye ritonavia hupandisha rivaroksabani na apiksabani.

Kisha zipo hatari za mtaani, ambazo ni sawa kwa dawa zote: diklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, sindano ya takoni dukani, na kuumikwa au hijama. Sindano ya msuli inaweza kuacha uvimbe mkubwa wa damu. Kwa maumivu tumia parasetamo kwa kiasi. Meno yanaweza kung'olewa, lakini mwambie daktari wa meno kabla, usiache dawa kimyakimya.

Damu ikivuja

Makali ya warfarini hukatwa kwa vitamini K na plazma kutoka benki ya damu, vitu ambavyo hospitali za rufaa huwa navyo. Dawa mpya nazo zina dawa za kuzikata makali, ya dabigatrani ikiwa imeidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2015, ila ni ghali mno na ni adimu kwenye hospitali zetu. Wengine huona hili kuwa sababu ya kubaki na warfarini. Siliweki juu sana, maana dawa mpya huvujisha kwenye ubongo mara chache na hutoka zenyewe ndani ya siku moja au mbili kama figo ni nzima. Kwa vyovyote, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida, au kugonga kichwa ukianguka, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanamke anayetarajia kuzaa

Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na dawa mpya hazishauriwi kabisa kwenye ujauzito. Wengi huhamishiwa sindano za heparini kwa muda. Mwenye vali ya chuma anahitaji mpango wake maalumu. Ukipitisha siku zako, nenda kapime wiki hiyo hiyo, na usiache dawa kabla ya kuongea na daktari. Bora zaidi mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kubeba mimba, pamoja na suala la uzazi wa mpango. Kwa anayenyonyesha, warfarini ni salama. Dawa mpya hazishauriwi.

Mzee aliyezoea warfarini

Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la wazee dhaifu, wa miaka 75 na zaidi, waliokuwa wanaendelea na dawa za kundi la warfarini. Waliohamishiwa dawa mpya walivuja damu zaidi kuliko walioachwa walivyokuwa. Kwa hiyo kama baba ana vali nzima, INR yake imetulia, na kliniki iko karibu, hana deni la kuhama.

Nasema hili kwa watoto walioko Muscat, London au Minnesota wanaotaka kumtumia mzee apiksabani kwa mzigo wa msafiri. Nia ni njema. Lakini uliza kwanza kama duka la karibu naye linaiuza na nani atalipia mwezi ambao msafiri hakupatikana. Mpeleke akapimwe eko na figo. Akihamishwa, anaacha warfarini na kusubiri INR ishuke chini ya 2 kabla ya kidonge cha kwanza cha apiksabani, na vidonge vya warfarini vilivyobaki viondolewe nyumbani asije akameza zote mbili. Kama duka hilo haliiuzi, mtumie pesa ya INR na ya bodaboda ya kumfikisha kliniki kila mwezi.